Datsun 240Z: moteri ibadilishwe, mwili usikatwe

Mwezi uliopita yaya wangu anayeishi Ujerumani alinitumia picha kwenye simu: motokari nyekundu, pua ndefu, mkia mfupi, taa za mbele zimezama ndani kama macho ya mtu aliyekesha kwenye matanga. Datsun 240Z ya mwaka 1972, iliyoletwa kwa meli kutoka California. Chini ya picha aliandika neno moja tu: «Nimepata.» Saa mbili baadaye ukaja ujumbe wa pili, na huo ndio uliozaa maandishi haya. Gari lina vitesi za otomatiki, moteri imechoka, na fundi mmoja wa kule anamshauri atoe vyote viwili avitupe, kisha aweke moteri kubwa ya Kimarekani ya silinda nane pamoja na vitesi sita za mkono. «Mudogo, unasemaje?»

Nilimjibu kwamba vitesi za mkono, ndiyo, hata kesho asubuhi. Moteri nyingine, ndiyo pia. Lakini si ile anayoambiwa, na mtu yeyote akileta msumeno wa kukata chuma karibu na mwili wa gari hilo, amfukuze uani. Hakupenda jibu langu. Tangu siku hiyo jamaa nzima imegawanyika, hata shangazi ambaye hajawahi kushika usukani ana upande wake.

Najua wapo watakaouliza: gari la michezo la Mjapani, lililoko Ulaya, linatuhusu nini sisi wa Lubumbashi, Bukavu au Goma? Linatuhusu kwa sababu kubadilisha moteri ni kazi tunayoijua kuliko watu wengi. Huku kwetu si mchezo wa matajiri. Moteri ikifa, hutafuti gari lingine. Unatafuta moteri iliyotumika, iliyofika kwa kontena kutoka Japani au kutoka kwa wauza vipuri wa Sharjah, unaipeleka garaje, na wiki inayofuata gari liko barabarani. Fundi wa kwetu anaweza kukuambia kwa kuangalia tu kama moteri fulani itaingia mahali fulani. Ujuzi huo ni mali. Sema mara nyingi tunautumia kwa haraka ya umaskini, na wenzetu wa Ulaya wanautumia kwa haraka ya utajiri, na haraka zote mbili zinazaa makosa yaleyale.

Tena gari hili si geni kabisa kwenye udongo wetu wa mashariki. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, pamoja na Lofty Drews, akashinda kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Datsun nyingine, ile 1800 ya Harry Källström, hadi waamuzi wakalazimika kutafuta njia ya kuwatenganisha. Mehta alizaliwa Uganda, akaondoka wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akaendelea kuendesha kutoka Kenya na kuishinda Safari mara tano kwa jumla. Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza redio za Nairobi na Kampala walilijua jina lake. Kwa hiyo gari hili limekula vumbi na matope ya Afrika ya Mashariki kabla halijawa kitu cha kupiga picha mbele ya mikahawa ya Munich. Lile lililoshinda mwaka 1971 bado liko Japani, Nissan wanalitunza.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Kuna watu wanaosema gari la zamani liachwe jinsi lilivyotoka kiwandani, hata skrubu isiguswe. Nawaheshimu, ila hoja yao haisimami vizuri kwa gari hili. Kwa nini? Kwa sababu Nissan wenyewe walilibadilishia moteri tangu siku ya kwanza. Mwaka 1969, gari lilipozinduliwa Japani kwa jina la Fairlady Z, kulikuwa na aina moja iliyoitwa Z432 ambayo ndani yake waliweka moteri ya S20, ileile ya Skyline GT-R. Lita mbili, valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili: ndipo jina 432 lilipotoka. Magari hayo yalitengenezwa mia nne na kitu tu, na leo bei yake haisemeki mbele ya watoto. Baadaye 240Z ikawa 260Z, ikawa 280Z, kila mara moteri ikipanuliwa ndani ya mwili uleule. Anayesema moteri ya gari hili ni takatifu hajui historia yake.

Ila kuna upande wa pili wa hoja, na huo ni wa pesa. Januari 2020, 240Z ya mwaka 1970 iliyokuwa bado kama ilivyotoka dukani iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Gari hilohilo lilipokuwa jipya, bei yake ilikuwa dola 3,500 na kidogo. Ndani ya chumba cha moteri cha 240Z kuna kibati chenye namba ya gari na namba ya moteri pamoja. Namba hizo zikilingana na zile zilizopigwa kwenye chuma chenyewe, mnunuzi analipa zaidi. Sasa fikiria mtu anayeitoa moteri hiyo na kuiuza kwa wauza vyuma chakavu ili apate nafasi ya kuweka lawnmower kwenye garaje yake. Nilimwambia yaya: hata kama imechoka, ifunge. Weka mafuta ndani ya silinda, ziba matundu yote, izungushie plastiki, iweke kwenye kona. Siku moja wewe, au mtoto wako, au yule atakayelinunua gari, ataishukuru kona hiyo.

Hebu nizungumze kwanza juu ya vitesi, kwa sababu hapo ndipo nina moyo.

Otomatiki ya vitesi tatu ndani ya gari kama hili ni kama kumvalisha mcheza mpira viatu vya kanisani. Si kwamba haiendi. Inakwenda. Lakini moteri ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja inapenda kupandishwa, inapenda kuachiwa iimbe, na otomatiki ya miaka ile inaikatiza sentensi katikati. Wanaopenda magari wameliona hili duniani kote. Ferrari wameacha kutengeneza magari ya vitesi za mkono kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na matokeo yake wapo watu wanaonunua Ferrari za miaka ya 2000 zenye vitesi za kubonyeza, kisha wanalipa mafundi wazigeuze ziwe za mkono. Nissan wao, kwa Z mpya waliyoitoa mwaka 2022, wameendelea kuuza vitesi sita za mkono. Hawakufanya hivyo kwa huruma, kuna wateja.

Kwa 240Z kazi hii ni ya heshima, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kukata chochote. Bwati ya vitesi tano iliyokuwa kwenye 280Z za mwaka 1977 na kuendelea, au ile ya 280ZX, inajifunga nyuma ya moteri hiyo kama mtoto mgongoni mwa mama yake. Familia ya moteri za L, yaani L24, L26 na L28, ilichongwa kwa mtindo mmoja. Lakini mtu asidhani ni bwati tu. Unahitaji pedali tatu badala ya mbili. Unahitaji klachi, ile wazee wetu wanayoiita ambreyaji, na silinda zake mbili za mafuta, moja pale kwenye ukuta wa moteri na nyingine ubavuni mwa bwati. Lile sahani jembamba linaloshikilia otomatiki linatoka, linaingia gurudumu zito la klachi, na bolti zake si zilezile. Ukitumia za otomatiki hazitashika vya kutosha. Sitata pia ni tofauti. Propela ipimwe upya, isije ikawa fupi au ndefu. Kuna waya mbili za otomatiki zinazozuia gari kuwaka likiwa kwenye vitesi. Usipoziunganisha vizuri utakaa uani unageuza ufunguo bila jibu na utalaumu betri.

Na kuna kitu kimoja kidogo kuliko vyote, kijiko cha shaba, kijibushi kinachoingia katikati ya krenki ili kuishikilia ncha ya shafti ya bwati. Kwenye moteri iliyozaliwa na otomatiki mara nyingi hakipo. Fundi mwenye haraka anaunganisha kila kitu, anafunga bolti zote, gari linawaka, anashangiliwa. Baada ya muda bwati inaanza kulia, vitesi zinakataa kuingia, na kila kitu kinashushwa tena kwa ajili ya kipande ambacho bei yake haifiki chupa mbili za Simba. Nikimpima fundi, namuuliza habari za kijibushi hicho. Akinitazama kama nimemtukana, nabeba gari langu.

Sasa moteri.

Mashauri yanayotolewa kwa wenye 240Z ni ya aina tatu. La kwanza ni L28, moteri ya lita 2.8 ya 280Z na 280ZX, ndugu wa damu wa ile iliyomo. La pili ni RB25DET, silinda sita yenye tabo iliyotoka kwenye Skyline za miaka ya 1990, ambayo Japani waliiandikia nguvu za farasi 250. La tatu ni V8 ya General Motors, ile LS1 ya lita 5.7 iliyoanza kwenye Corvette ya mwaka 1997, na bwati yake ya T56 yenye vitesi sita. Moteri ya asili, L24, iliandikiwa farasi 151, na hizo zilipimwa kwa mtindo wa zamani wa Kimarekani uliokuwa mkarimu.

Nataka kuwatendea haki watu wa V8, kwa sababu mara nyingi wanasemwa vibaya na watu ambao hawajainua boneti. V8 hiyo imetengenezwa kwa aluminiamu. Uzito wake hauko mbali na ule wa L24 ambayo bloku yake ni chuma cha kusubu. Ni fupi kuliko silinda sita za mstari, kwa hiyo inakaa nyuma zaidi, karibu na dereva, na gari halilemewi puani. Vipuri vyake vinapatikana Marekani nzima kwa bei ya mboga. Imefungwa kwenye 240Z mara nyingi sana hadi vishikio vyake vinauzwa vikiwa tayari. Si wazimu. Ni hesabu iliyofanyika vizuri.

Ila ni hesabu ya moteri peke yake, na gari si moteri peke yake.

Chukua difu. Magari ya 240Z yalikuwa na difu inayoitwa R180. Namba hiyo ni kipimo cha gurudumu la meno lililo ndani, milimita 180. Iliundwa kwa nguvu ya L24. V8 inazungusha kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo unaweka R200, yenye gurudumu la milimita 200. Sawa, lakini sasa shafti fupi zinazopeleka nguvu magurudumuni ndizo zinazolalamika. Unabadilisha hizo. Halafu mwili wenyewe: 240Z haina chasisi ya reli kama lori, ni mabati mepesi yaliyokunjwa na kuunganishwa, kilo elfu moja na kidogo kwa gari zima. Yale mabati yaliyo chini ya miguu ya dereva ni mapenzi makubwa ya kutu. Ukiyasokota kwa nguvu ya V8 kila unapoondoka kwenye taa, utaanza kuona mlango hauingii sawasawa kwenye fremu yake. Basi unachomelea vyuma vya kuongeza nguvu. Rejeta ya zamani haitoshi. Usukani unagusana na bomba la moshi. Kila kitu kinavuta kingine, kama mtu aliyenunua kochi jipya akaishia kujenga nyumba.

Na breki. Hapa sitanii.

Nilipokuwa kijana, mjomba wangu alikuwa na pikapu ya Kijapani ambayo moteri yake ilikufa. Garaje moja ikamwekea moteri ya gari kubwa zaidi. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Pikapu ilikuwa inapanda vilima huku imejaa mifuko ya unga, na yeye akiwasalimia wenye malori kwa mkono nje ya dirisha. Breki hazikuguswa. Kwenye mteremko mmoja wa barabara ya Likasi, baada ya kukanyaga na kukanyaga tena, pedali ikaenda hadi chini bila upinzani wowote. Aliokolewa na kichuguu. Nasema kichuguu, kilima cha mchwa, kimoja cha vile vikubwa vya Katanga. Alikipiga kwa ubavu na pikapu ikalala. Alivunjika mkono, na aliyekuwa ameketi nyuma juu ya mifuko hakutembea vizuri tena mpaka leo. Fundi aliapa kwamba kazi yake ilikuwa safi, na kusema kweli ilikuwa safi: moteri haikuwa na kosa lolote.

Tangu hapo najua hesabu moja kwa moyo. Joto ambalo breki zinapaswa kulimeza haliongezeki sawa na mwendo. Linaongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, mtu anafikiri ameongeza kidogo chini ya nusu. Breki zinaona karibu mara mbili. 240Z ilitoka kiwandani na diski mbele na dramu nyuma, na zilitosha kwa gari lile la wakati ule. Mtu anayeweka V8 au RB25 na kusema atashughulikia breki «baadaye, pesa ikipatikana», huyo anatafuta kichuguu, na Ujerumani vichuguu hakuna.

Nitataja jambo la pili ambalo mafundi wa kwetu pia hulisahau: petroli. Kabureta za 240Z, zile mbili zilizotengenezwa na Hitachi kwa mtindo wa SU wa Uingereza, zinakunywa kwa shinikizo dogo sana, robo ya bari hivi. Moteri ya kisasa yenye sindano za kunyunyiza inataka karibu bari nne. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Bomba la mpira lililozeeka kwa miaka 50, lililokuwa linavumilia robo ya bari bila neno, utalifanyia hivyo? Litapasuka, na litapasuka mahali palipo na joto. Magari mengi mazuri yameungua hivyo, si kwa sababu ya moteri mbaya bali kwa kipande cha mpira na kibano cha senti chache. Ukibadilisha kutoka kabureta kwenda sindano, badilisha njia yote ya petroli, kuanzia tangi, pampu, bomba, kichujio, mpaka njia ya kurudisha.

Kwa hiyo upande wangu ni L28. Yaya ananiambia mimi ni mwoga. Labda. Lakini L28 inakaa kwenye vishikio vilevile, inafunga bwati ileile ya vitesi tano, inaweza kuvaa kabureta zilezile mbili, na mtu akifungua boneti anaona kitu ambacho Nissan wangeweza kukiweka wenyewe. Inakupa lita 2.8 badala ya 2.4, na hilo linasikika mgongoni. Anayetaka zaidi ana njia ya zamani ambayo inanifurahisha kila nikiifikiria: kuchukua krenki ya LD28, moteri ya dizeli ya Nissan ya ukoo huohuo, yenye mwendo mrefu zaidi wa pistoni, kuiweka ndani ya L28 na kupanua silinda kidogo. Inatoka lita 3.1. Krenki ya gari la kubebea familia, la dizeli, ndani ya gari la mashindano! Hiyo ndiyo akili ya garaje ninayoipenda, akili inayofanana na yetu: kuangalia rafu ya vyuma chakavu na kuona undugu ambao mwingine haoni.

Kuna pia sheria, na yaya alikuwa hajaiwaza. Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 linaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni, namba ya magari ya kihistoria, na kodi yake ni moja isiyobadilika hata moteri iwe kubwa namna gani. Lakini mkaguzi anaangalia kwanza kama gari limebaki katika hali ya enzi zake. Mabadiliko yanaruhusiwa yakiwa ni ya wakati ule. L28 ilianza kuuzwa mwaka 1975 ndani ya mwili uleule. Mtu ana hoja ya kumwambia mkaguzi. Moteri ya miaka ya 1990 yenye tabo na kompyuta? Atatabasamu na kufunga faili. California walikotoa gari hili mambo ni tofauti: magari ya mwaka 1975 na ya nyuma yake hayapelekwi kupimwa moshi, ndiyo maana 240Z nyingi za kule zimegeuzwa bila mtu kuuliza. Yule fundi anayemshauri yaya anasoma mashauri ya Wakalifornia huku akiishi chini ya sheria ya Wajerumani.

Mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma Kolwezi, aliingia kwenye mazungumzo na wazo lake: mwekeeni moteri ya umeme, mmalize. Tulicheka, lakini hakukosea kabisa. Jaguar wenyewe walionyesha E-Type ya umeme mwaka 2017, na wapo mafundi Uingereza na Marekani wanaofanya kazi hiyo kila siku. Betri za namna nyingi zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa kwetu, kijana anaiona ikipita kwenye malori mbele ya dirisha lake. Ningependa siku moja kumwona fundi wa Kolwezi akifunga betri ndani ya gari la zamani, badala ya kuona udongo tu ukiondoka. Ila kwa 240Z ya yaya, hapana. Sauti ya silinda sita ni nusu ya gari.

Wapo watakaoniambia kwamba gari ni la yaya, pesa ni ya yaya, na mudogo anyamaze. Kweli, na mwisho wa yote ataamua yeye. Hata hivyo gari la miaka zaidi ya 50 limepita mikononi mwa watu wengi kabla yake na litapita mikononi mwa wengine. Aliyekuwa nalo kabla hakukata ukuta wa moteri, hakutoboa sakafu, hakupasua handaki la bwati. Kwa sababu hiyo yaya ana uhuru wa kuchagua leo. Akilikata, anayekuja baada yake hana uhuru huo. Mimi sipingi kubadilisha. Napinga kubadilisha kusikorudi. Bolti inafunguliwa. Msumeno haufunguliwi.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wenye Peugeot 504 na 404 chache zilizobaki kwenye nyua za Lubumbashi na Likasi. Ni magari yaliyoshinda Safari hizohizo. 404 peke yake ilishinda mara nne, mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mengi tumeshayawekea moteri za Toyota kwa sababu za njaa, na sina lawama kwa aliyetaka kupeleka watoto shule. Lakini nimeona 404 ambayo ukuta wake wa moteri ulipigwa kwa nyundo mpaka ukaingia ndani, wakati kishikio kimoja kilichochongwa kwa uangalifu kingetosha. Moteri yake ya asili ilikuwa imelala mvuani nje ya uzio, haijafunikwa hata na karatasi ya bati. Fundi aliyefanya hivyo ni fundi mzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile chuma kilikuwa na thamani.

Juzi yaya alipiga simu usiku, saa ambayo yeye anajua sipokei simu za mtu yeyote isipokuwa yeye. Amepata L28 kwa mzee mmoja wa karibu na Stuttgart, imetoka kwenye 280ZX iliyogongwa nyuma. Bwati ya vitesi tano imo pia. V8 ameiacha kwa sasa. Alilitamka hilo neno «kwa sasa» kwa nguvu, ili nisijione nimeshinda. L24 ameshaifunga kwa plastiki ya bluu na kuiweka chini ya ngazi, mkewe hajafurahi. Pedali tatu zimefika, klachi bado.

«Na kijibushi?» nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. «Kijibushi gani?»